Usimlaumu Anayepapasa Gunia

Mwaka 2025 kampuni ya Stern Pinball ya Marekani ilipotangaza mashine yake mpya, Star Wars: Fall of the Empire, mashabiki wa pinboli, mchezo wa gololi wa kwenye kumbi na baa, hawakungoja hata gololi moja iviringike. Wapo walioshangilia. Wapo waliouliza, kwa sauti ya mtu aliyepakuliwa kiporo, Star Wars tena? Wapo waliovamia bei, na wapo waliokaa kuhesabu vikorombwezo vilivyomo kwenye toleo ghali na visivyomo kwenye toleo nafuu. Haukupita muda likajitokeza kundi jingine kuwacheka wote hao: mnauhukumuje mchezo ambao hamjaucheza? Mzunguko huu hujirudia kila mashine yenye jina la filamu inapozinduliwa, na kila mara kicheko cha kundi la mwisho ndicho kinachoonekana kuwa na busara.

Mimi naona kicheko hicho kimekosea shabaha. Zogo la siku ya kwanza halihusu mchezo. Linahusu biashara inayomtaka mtu atoe fedha kabla ya kucheza, na katika biashara ya namna hiyo mnunuzi hana cha kupima ila kile alichooneshwa: jina la filamu, michoro ya ubavuni, orodha ya vikorombwezo, trela ya dakika chache na bei. Ukimuuzia mtu mbuzi kwenye gunia, usimlaumu akilipapasa gunia. Mashabiki wanakosea mambo kadhaa, na nitayafikia, lakini kosa la kusema mapema si lao.

Tuanze na chombo chenyewe, kwa sababu ugomvi wote umejengwa juu yake. Pinboli ni meza iliyofunikwa kioo na kuinamishwa kwa takriban digrii 6 na nusu. Gololi ya chuma ya gramu 80 hivi hurushwa hadi juu, kisha inateremka ikigongana na kila kilichopo njiani, na silaha kuu ya mchezaji ni vibao viwili vya chini vinavyoitwa flipa. Flipa zililetwa na kampuni ya Gottlieb mwaka 1947. Kabla ya hapo gololi ilishuka ilivyotaka na mchezaji alibaki kuitikisa meza. Utamu wa mashine nzuri umo katika mambo ambayo jicho haliyaoni kwenye picha: gololi ikipanda rampu, ile njia iliyoinuliwa juu ya meza, je, inarudi kwenye flipa ikiwa tulivu kiasi cha kupigwa tena? Pigo gumu lina njia ya kujifunza, au ni bahati nasibu? Kanuni za mchezo zinakupa sababu ya kuhatarisha gololi, au zinakuacha urudierudie pigo moja hadi mkono uchoke? Mji wa New York uliipiga marufuku pinboli mwaka 1942, enzi za meya Fiorello La Guardia, kwa madai kwamba ni kamari, na marufuku hiyo ilipokuja kuondolewa mwaka 1976, mjadala haukuamuliwa kwa hotuba pekee. Roger Sharpe, mwandishi na mchezaji hodari wa pinboli, aliletewa mashine mbele ya wajumbe wa halmashauri, akatamka gololi itapita wapi, akairusha, ikapita hapohapo. Pinboli ni kitu cha kuthibitishwa kwa kucheza tu.

Basi imekuwaje kikaanza kuuzwa kwa kutazamwa?

Jibu linaanzia kwa mnunuzi. Mwaka 1992 kampuni ya Bally, iliyokuwa tayari mikononi mwa Williams, ilitoa The Addams Family, kazi ya mbunifu Pat Lawlor. Ziliuzwa mashine 20,270, idadi ambayo hakuna pinboli ya enzi ya elektroniki iliyowahi kuifikia. Wateja wa mashine zile hawakuwa mashabiki. Walikuwa wafanyabiashara wenye kumbi za michezo na baa, na wao hawakuwa na haja ya kujua kama mchoro wa kwenye kioo cha nyuma umewafurahisha wapenzi wa filamu. Waliangalia sanduku la sarafu mwisho wa wiki. Shabiki naye alitoa maoni yake sarafu kwa sarafu, baada ya kucheza, na maoni hayo yalikuwa na uzito kuliko andiko lolote. Mashine mbovu ilikaa pweke kwenye kona. Mashine nzuri ilipangiwa foleni.

Mfumo huo ukafa. Oktoba 1999 Williams ilifunga kitengo chake cha pinboli, na mwaka huohuo Gary Stern akainunua iliyokuwa Sega Pinball na kuipa jina la ukoo wake. Kwa miaka mingi Stern ilibaki karibu peke yake, hadi Jersey Jack Pinball ilipoanzishwa mwaka 2011 na wengine wakafuata. Lakini waliporudi, kumbi nyingi zilikuwa zimefungwa, na mteja mkubwa sasa alikuwa mtu anayetaka mashine iwe nyumbani kwake. Mtu huyo anauziwa kwa matoleo: la chini, la kati, na lile la juu lenye idadi maalumu. Jaws ya Stern, iliyotoka mwaka 2024, iliuzwa kwa karibu dola 7,000 toleo la chini na karibu dola 13,000 toleo la juu, ambalo lilitengenezwa mashine 1,000 tu. Anayetaka moja kati ya hizo 1,000 hapewi wiki mbili za kwenda kuijaribu mahali. Anatakiwa aamue sasa, kwa macho.

Kuna badiliko jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo linahusu filamu zenyewe. Zamani mashine ilitembea pamoja na filamu. Terminator 2 ilitoka kwenye sinema na kwenye pinboli mwaka uleule wa 1991. The Addams Family ilikuwa filamu ya 1991 na mashine ya 1992. Jurassic Park ya kampuni ya Data East ilitoka 1993, mwaka wa filamu. Jina la filamu lilikuwa tangazo la kumvuta mpita njia ambaye bango ameliona jana. Kama filamu ingekuja kuanguka, mashine ilibaki na bahati yake yenyewe. Leo hesabu imegeuka. Jaws, filamu ya papa mla watu, ni ya 1975, na mashine iliyotajwa hapo juu imetoka miaka 49 baadaye. Jina halimvuti tena mgeni. Linamvuta mwenyeji, mtu aliyeishi na filamu hiyo kwa miongo kadhaa, anayejua sentensi zake kwa moyo na ana picha kamili kichwani ya namna inavyopaswa kuheshimiwa. Ukishachagua kumuuzia mtu kumbukumbu zake mwenyewe, umempa pia haki ya kukwambia kwamba umezikosea.

Sasa hoja za wanaowacheka mashabiki. Iliyo nzito kuliko zote ni hii: historia imejaa mashine zilizotukanwa siku ya kwanza na kupendwa baadaye. Ni kweli. The Walking Dead ya Stern ya mwaka 2014 (imetokana na tamthilia ya televisheni, si filamu, lakini mkasa ni uleule) ilitoka kiwandani ikiwa na programu changa, kanuni zake zikiwa nusunusu. Lyman Sheats, mmoja wa waandishi wa programu walioheshimiwa sana katika fani hii hadi alipofariki mwaka 2022, aliendelea kuijenga, na mashine iliyoanza kwa kusuasua ikaingia kwenye orodha za vipenzi za wachezaji hodari. Nami nakiri kwamba kuna mashine niliyoipuuza kwa sababu ya mchoro wake, nikaizunguka kwenye ukumbi kama mtu anayemkwepa mdai wake, na siku niliyoicheza kwa kukosa nyingine iliyokuwa wazi nilikaa hapo hadi taa zikaanza kuzimwa. Macho yangu yalikuwa yamenidanganya.

Lakini tazama hoja hiyo inathibitisha nini hasa. Inasema mashine ikitoka huwa haijakamilika. Inasema thamani yake halisi itajulikana baada ya miezi, pengine miaka, kupitia masasisho ya programu ambayo zamani yalibebwa kwenye flashi na ambayo tangu 2021, Stern ilipoanza huduma yake ya Insider Connected, yanaweza kushuka kupitia intaneti. Mashine kadhaa huondoka kiwandani zikiwa na programu yenye namba iliyo chini ya 1.0, yaani watengenezaji wenyewe wameziandika kwamba bado zinapikwa. Bei, hata hivyo, hutoka ikiwa imeiva. Kwa hiyo mtu akiniambia nisihukumu kwa sababu mchezo haujaisha, nitamwuliza kwa nini basi nalipa kana kwamba umeisha. Mfano wa The Walking Dead unamtetea Sheats, na unamtetea vizuri. Haumtetei anayekusanya fedha mapema. Tena mfano huo una pacha wake ambaye hatajwi: mashine ambazo programu yake haikuwahi kufika mbali, wamiliki wakabaki wakingoja. Mnunuzi wa siku ya kwanza hana njia ya kujua ameshika pacha yupi.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile fupi: hutaki, usinunue. Imepambwa kama kanuni ya soko huria, lakini soko huria linahitaji mnunuzi anayeweza kupima bidhaa kabla ya kuamua. Hapa muda wa kupima umeondolewa kwa makusudi. Idadi maalumu ipo ili kuondoa muda huo. Halafu kauli hiyo inasahau kwamba wengi wanaopiga kelele hawakuwa wakinunua hata kidogo. Wanacheza kwenye kumbi na baa, kwenye mashindano, kwenye mashine ya rafiki. Hawana ununuzi wa kususia. Kwao, nafasi ambayo kampuni iliipa Star Wars mwaka 2025 ni nafasi ambayo filamu nyingine haikuipata, kwa kuwa kampuni kubwa hutoa mashine chache tu mpya kwa mwaka. Kwao kusema ndiyo kura pekee, na kumwambia mtu asiye na kura nyingine kwamba anyamaze kwa kuwa anaweza kukataa kununua ni kumpa tiba ya ugonjwa asio nao.

Ipo pia shutuma kwamba haya yote ni utoto wa watu wazima: wanataka miaka yao ya shule irudi ndani ya sanduku lenye taa. Shutuma hii hutajwa sana ikizungumzwa Toy Story 4, mashine ya Jersey Jack ya mwaka 2022. Mashabiki wengi walilalamika kwamba imejengwa juu ya filamu ya nne, ya mwaka 2019, badala ya ile ya kwanza ya 1995. Kwa mtu wa nje ni malalamiko ya kitoto kweli: vinyago ni vilevile, kofia ya Woody, kinyago mkuu wa filamu hizo, ni ileile. Lakini haki za filamu kwenye pinboli si jina la mlangoni tu. Ndizo zinazoamua ni vipande gani vya filamu vitaonekana kwenye skrini, sauti za nani zitakupongeza au kukukejeli, wahusika gani watasimama kwenye ubao, yaani uso wa meza gololi inapokimbia. Filamu unaitazama mara tano, kumi ukiwa umezama. Mashine ya nyumbani itakurudia sentensi ileile mara maelfu, na kama sentensi hiyo haikuwahi kukugusa, baada ya mwezi itakuwa inakukera. Anayelalamikia namba 4 analalamikia atakachosikia kila siku. Hilo halina utoto.

Na sasa nikae kidogo hapo, kwa sababu Toy Story 4 ilisanifiwa na Pat Lawlor, mtu yuleyule wa The Addams Family, miaka 30 baadaye. Mkono ni mmoja, mapokezi ni mbingu na ardhi. Ni rahisi kusema filamu moja ilipendwa na nyingine haikupendwa vile. Mimi naona zaidi ya hapo. The Addams Family haikusimulia filamu. Ilichukua tabia ya ile familia na kuigeuza kuwa vitendo vya gololi: mkono unaotembea peke yake, Thing, unachomoza kutoka kwenye kisanduku na kuinyakua gololi kwa sumaku, sumaku nyingine zimefichwa chini ya ubao na wakati fulani zinaivuta gololi huku na kule kama nyumba imepagawa, vyumba vya jumba vinafunguka kimoja kimoja kadiri unavyocheza. Raul Julia na Anjelica Huston, waigizaji wa filamu hiyo, walirekodi maneno mapya kwa ajili ya mashine hiyo. Mtu asiyeijua filamu alielewa ndani ya dakika moja kwamba yuko ndani ya nyumba ya vituko. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini: je, filamu imekuwa kitendo cha gololi, au imebandikwa tu? Kipimo hicho, kwa bahati mbaya, hakipatikani kwenye trela. Mwaka 1992 kilipatikana kwa sarafu moja.

Kipimo hichohicho ndicho kinachoyaangusha baadhi ya malalamiko ya mashabiki, na hapa siwatetei. Wapo wanaoamini kwamba mashine isiyo na sura za waigizaji wala vipande vya filamu ni bandia. Jurassic Park ya Stern ya mwaka 2019, iliyosanifiwa na Keith Elwin, haina waigizaji wakuu wa filamu ile. Badala yake mchezaji ndiye anayeingia mbugani, anaokoa wafanyakazi na kukamata dinosaria waliotoroka, na kwenye matoleo ya juu T. rex hudaka gololi mdomoni. Ukosefu wa sura ulimlazimisha mbunifu akupe wewe nafasi ya mhusika, na wachezaji wamemshukuru kwa hilo tangu hapo. Vilevile siwezi kuwaunga mkono wanaosema kampuni zinafanya haya kwa ajili ya pesa tu. Zilifanya lini kwa ajili ya sadaka? The Addams Family iliundwa ili imeze sarafu, na iliundwa kwa ustadi ili imeze nyingi.

Nirudi kwenye swali la Star Wars tena. Data East walitoa yao mwaka 1992, Sega mwaka 1997, Williams mwaka 1999, Stern mwaka 2017, kisha Stern haohao wakatoa The Mandalorian mwaka 2021. Ya 2017 na ya 2025 zote zimekaa juu ya filamu tatu za mwanzo, za 1977, 1980 na 1983. Kampuni ina utetezi: jina hilo huuza, mbunifu ni tofauti, ubao ni mpya kabisa, na kwenye pinboli ubao ndio mchezo. Kwa mchezaji hodari utetezi huo unatosha. Yeye angecheza hata mashine yenye mada ya kufua nguo kama mapigo yake ni matamu. Kwa anayelipa dola elfu kadhaa ili kumbukumbu zake zipate umbo, hautoshi, kwa sababu umbo hilo aliuziwa miaka 8 kabla na kampuni ileile. Wote wawili wako sahihi, kwa kuwa wananunua vitu viwili tofauti vilivyofungwa kwenye sanduku moja. Ndiyo maana mabishano yao hayaishi, na ndiyo maana kujumlisha maoni yao kuwa wastani mmoja wa nyota hakumwambii mtu chochote.

Hatari ninayoiona iko mbele zaidi. Kampuni zikizoea kusikiliza kelele za siku ya kwanza kama ndiyo hukumu, zitachagua filamu ambazo hazina mpinzani: za zamani, zilizokwisha kupendwa, ambazo trela yake itashangiliwa na watu wa umri uleule. John Wick ya Stern ya mwaka 2024, iliyotokana na filamu zilizoanza mwaka 2014, ni miongoni mwa majaribio machache ya kutoka kwenye mduara huo. Mduara ukifungwa, pinboli itazeeka pamoja na wateja wake, maana kijana wa miaka 20 hana kumbukumbu yoyote ya papa wa 1975. Lakini hatari hiyo haiondolewi kwa kuwanyamazisha mashabiki. Inaondolewa kwa kuwapa kitu kingine cha kupima: mashine iwekwe kwenye kumbi wiki kadhaa kabla ya oda kupokelewa, namba ya programu iandikwe kwenye tangazo karibu na bei, na toleo la chini lioneshwe likichezwa kwa saa nzima badala ya toleo la juu kupitishwa mbele ya kamera kwa sekunde 40. Hakuna lisilowezekana hapo. Sehemu ya kwanza ndiyo iliyokuwa desturi ya kawaida miaka ya 1990.

Wenye kumbi waliobaki bado wanafanya hivyo kwa upande wao. Wananunua moja, mara nyingi ya toleo la chini, wanaiweka karibu na mlango, na baada ya miezi michache wanaangalia imekusanya nini kulinganisha na ya pembeni yake. Ikilala wanaiuza, ikichezwa wanaibadilisha raba za flipa na kuiacha hapohapo. Siku ya tangazo hawaandiki chochote.